Kijakazi wa Filipi na Upanga wa Kaisari

Neno la kusomwa: Matendo ya Mitume 16:16–24



 Nawaomba kwanza mfungue Biblia zenu, mkasome mistari hiyo tangu mwanzo hata mwisho, ndipo mrudi kwangu.

Habari yenyewe mwaijua. Paulo na Sila walikuwa Filipi, mji wa Makedonia uliokaliwa na askari wazee wa Kirumi na uzao wao, watu waliojivunia sana Urumi wao. Mjini humo alikuwako kijakazi mwenye pepo wa uaguzi, na mabwana zake walijipatia fedha nyingi kwa maneno yake. Siku nyingi aliwaandama mitume njiani akipaza sauti, hata Paulo alipochoka na kelele zile aligeuka, akamkemea pepo kwa jina la Yesu, na msichana akafunguliwa saa ileile. Mabwana wakaona kwamba mfuko wao umetoboka. Wakawashika mitume, wakawaburuta mpaka sokoni mbele ya mahakimu.

Sasa yaangalieni mashitaka yao. Hawakusema, Watu hawa wametuharibia biashara. Walisema kwamba hawa ni Wayahudi, kwamba wanauchafua mji kwa ghasia, kwamba wanafundisha desturi zisizowapasa Warumi. Nao mahakimu hawakuuliza hata neno moja. Mitume walivuliwa nguo, wakapigwa fimbo, wakatupwa gerezani, miguu yao ikatiwa katika mkatale.

Mara nyingi nimeitafakari habari hii, na kila mara nakutana na jambo ambalo Luka hakuliandika, kwa kuwa halikutendeka. Paulo alikuwa raia wa Rumi. Tangu siku ya kwanza angaliweza kwenda kwa mahakimu wale wale na kunena, Yuko mwaguzi njiani anayewadanganya watu wenu, mfungeni. Warumi walikuwa na amri nyingi juu ya waaguzi na wanajimu, naye angalisikilizwa. Hakwenda. Alivumilia siku nyingi, kisha akanena na pepo, si na serikali.

Nitawaeleza kwa nini neno hili limenishika. Mwezi uliopita wazee wawili wa usharika mmoja katika zile nizitunzazo walinijia jioni, mkononi wana barua iliyokwisha kuandikwa kwa mwandiko mzuri, nayo ilielekezwa serikalini. Chini yake hapakuwa na jina la mtu. Walitaka muhuri wa usharika tu. Barua ilimhusu mtu mmoja ambaye tangu miaka miwili huhubiri chini ya mbuyu, mbali kidogo na kanisa letu. Huwaombea wagonjwa, huwanyunyizia maji, huota ndoto na kuzifasiri. Hana jengo, hana cheti cha kuandikishwa, wala hakutumwa na mtu. Zamani alijifunza kipaimara kwetu, naye ajua nyimbo zetu zote. Baadhi ya washarika wetu wanaokula Chakula cha Bwana Jumapili huonekana kwake siku ya Alhamisi. Basi barua iliiomba serikali imzuie, na ikiwezekana imwondoe kijijini.

Nilifungua sanduku nikautoa muhuri. Hapo mzee mmoja akanena, wala hakunena kwa ubaya, Mchungaji, tangu mtu huyu aanze, sadaka yetu ya mavuno imepungua. Uwele umepungua, na alizeti vilevile. Nikautia tena muhuri sandukuni. Maana nilisikia sauti ya mabwana wa kijakazi, tena haikutoka kinywani mwa mzee peke yake. Ilikuwa imekwisha kunena moyoni mwangu kabla yeye hajafumbua midomo.

Tangu siku ile nimevirudia vitabu vyangu vya seminari, nitazame jinsi dola la Rumi lilivyowatendea watu wa dini. Tulipokuwa wanafunzi tulifundishwa habari hizi kana kwamba Kaisari aliwachukia Wakristo peke yao. Sivyo. Kaisari alikuwa na jicho moja kwa wote waliokusanyika pasipo ruhusa yake. Mwaka 186 kabla ya Kristo wakuu wa Rumi waliwaua watu wengi wa ibada ya siri ya Bakko. Kaisari Tiberio aliwafukuza wanajimu katika Italia. Kaisari Klaudio aliwafukuza Wayahudi mjini Rumi, na kwa sababu hiyo Akila na Priskila walifika Korintho, kama tusomavyo katika Matendo 18. Mwaguzi, Myahudi, Mkristo, machoni pa mkuu wa Rumi wote waliweza kuwekwa katika kapu moja. Neno lake kwa kapu hilo lilikuwa ushirikina.

Yapata mwaka 112 liwali mmoja, jina lake Plinius, alitawala Bithinia na Ponto, nchi ambazo Petro alizitaja katika waraka wake wa kwanza. Liwali huyu alikuwa mtu msomi, wala si mkali kwa tabia. Alimwandikia Kaisari Trajanus kuuliza awafanyeje Wakristo. Alikuwa amewatesa vijakazi wawili, ambao Wakristo wenzao waliwaita watumishi wa kanisa, apate kujua siri ya dini yao. Hakuona kitu, asema, isipokuwa ushirikina uliopita kiasi. Mkumbukeni yule kijakazi wa Filipi, kisha wakumbukeni hawa wawili. Mmoja alikuwa na pepo wa uaguzi, wawili walikuwa na Roho Mtakatifu, na liwali hakuweza kuwatenga. Macho ya kutenga hakupewa. Liwali huyohuyo alipoomba watu 150 wa Nikomedia waruhusiwe kufanya chama cha kuzima moto, Kaisari alikataa, akihofu kwamba watu wakikusanyika, hata kwa ajili ya ndoo za maji, mwisho watafanya siasa.

Lakini katika jibu la Trajanus kuna neno lililonitia haya. Aliagiza Wakristo wasitafutwe. Wakishitakiwa na kuthibitika, waadhibiwe, wakikana, waachiliwe. Na barua zisizo na jina la mshitaki zisipokewe kamwe, kwa kuwa ni mfano mbaya, wala hazifai kwa zamani zake. Kaisari mpagani aliikataa barua ya namna ile ambayo mimi, mchungaji, nilikuwa nimekwisha kuutoa muhuri kuipiga.

Sheria ya jicho moja ilizidi kuwa kali. Mwaka 250 Kaisari Decius aliamuru kila mtu atoe sadaka kwa miungu, akapate hati ya ushuhuda. Wengine walikufa, wengine walikana, na wengine walinunua hati kwa fedha wasitoe sadaka. Hao wa mwisho walilisumbua kanisa miaka mingi, nalo likajadiliana nao kama sisi tujadilianavyo juu ya waliorudi nyuma. Kisha akaja Diocletianus. Mwaka 302 alitoa amri juu ya wafuasi wa Mani, watu wa dini ngeni iliyotoka Uajemi, kwamba viongozi wao wachomwe moto pamoja na vitabu vyao. Wafuasi wa Mani walifundisha uongo mwingi juu ya Kristo, na waalimu wa kanisa waliwapinga sana. Kama alikuwako Mkristo wa Afrika ya Kaskazini aliyefurahi siku ile, furaha yake haikuwa na maisha marefu. Mwaka uliofuata, 303, Kaisari yuleyule aliamuru makanisa yabomolewe na vitabu vitakatifu vya Wakristo vichomwe. Moto ulikuwa umekwisha kuwashwa, haukuhitaji kuni mpya.

Miaka ikapita, Kaisari mwenyewe akawa Mkristo. Hapo tungalitazamia kwamba waliopigwa wangaliitupa fimbo. Walakini mwaka 385, katika mji wa Trier, Priscillianus, askofu wa Hispania, aliuawa kwa upanga wa Kaisari Maximus pamoja na baadhi ya wafuasi wake. Washitaki wake walikuwa maaskofu wenzake. Tena hawakumshitaki mbele ya Kaisari kwa mafundisho tu. Hukumu iliyomwua ilikuwa hukumu ya uchawi. Askofu Martin wa Tours alikuwa amemsihi Kaisari asimwage damu, akiona yatosha watu hao watengwe na kanisa kwa neno la maaskofu. Nasi Walutheri tusipite haraka hapo, kwa sababu mtoto aliyezaliwa Eisleben tarehe 10 Novemba 1483 alibatizwa siku ya pili, iliyo sikukuu ya Martin huyo, ndiyo sababu akaitwa Martin.

Yanipasa kusema na yaliyobaki. Martin Luther alihukumiwa na Kaisari Karoli wa Tano mwaka 1521, akawekwa nje ya ulinzi wa sheria, hata mtu yeyote angaliweza kumshika. Maungamo yetu ya Augsburg ya mwaka 1530, katika kifungu cha 28, yafundisha kwamba askofu hutenda kazi yake kwa Neno, si kwa nguvu za wanadamu. Na hata hivyo mwaka 1536 Luther alitia sahihi shauri la Wittenberg lililowaruhusu wakuu kuwaadhibu Wabatizaji wa pili kwa upanga. Alijua hukumu ya Kaisari ilivyo, na mkono wake ukaandika. Katika mwaka 2010, huko Stuttgart, Shirikisho la Kilutheri Ulimwenguni liliwaomba Wamenno, wazao wa watu wale, msamaha mbele ya Mungu. Miaka 474 ilipita kati ya sahihi ile na toba ile. Nilipohesabu miaka hiyo nilifurahi kwamba wino wa muhuri wangu ulikuwa haujagusa karatasi.

Labda mtu ataniambia, Mchungaji, hayo ni ya Ulaya. Basi turudi nyumbani. Mfalme wa Wadachi aliyetawala nchi yetu aliitwa Kaiser, na neno hilo ndilo Kaisari. Walilichukua kwa Warumi pamoja na tai wa bendera. Wazee wetu walilipa kodi kwa Kaisari kwa maana iliyo halisi kabisa. Naye Kaisari huyu alikuwa na jicho lilelile.

Mwaka 1904 huko Ngarambe, upande wa mto Rufiji, Kinjikitile Ngwale alisema ameingiwa na mzimu Hongo, akawapa watu maji ya dawa, risasi zisiwadhuru. Watu walikuwa wamechoshwa na kulimishwa pamba kwa nguvu, wakamwendea kwa maelfu. Vita vilipoanza mwishoni mwa Julai 1905, Wadachi walimshika, na tarehe 4 Agosti wakamnyonga huko Mohoro. Je, maji yalikauka? Vita vilienea kusini yote, vikadumu mpaka 1907, na waliokufa kwa bunduki na kwa njaa wahesabiwa na wanachuoni kuwa 75,000 kwa uchache, na wengine wasema hata 300,000. Katika mwezi uleule wa Agosti Askofu Cassian Spiss wa Wabenediktini aliuawa njiani pamoja na wenzake kwa mikono ya watu wa Maji Maji. Sisemi kwamba maji yale yalikuwa kweli. Yalikuwa uongo, na waliokufa wakiyatumaini ni wengi. Nasema kwamba kamba ya Mohoro haikuonyesha uongo wake. Risasi ziliuonyesha baadaye, kwa bei ya kutisha. Kamba yenyewe ilimpa mganga heshima ya shahidi.

Hapa kwetu Unyaturu wazee husimulia habari za Liti, mwanamke aliyewapinga Wadachi kwa kuwatumia nyuki, hata akauawa. Leo uwanja wa michezo wa mji wa Singida waitwa kwa jina lake. Ni wangapi kati yetu wanaolijua jina la ofisa aliyewaongoza askari siku zile?

Tena tazameni Uganda. Kabaka Mwanga aliwachoma vijana Wakristo huko Namugongo tarehe 3 Juni 1886, Wakatoliki na Waprotestanti katika moto wa siku moja, kwa kuwa walimtii Mfalme mwingine kuliko yeye. Habari hiyo huhubiriwa kila mwaka katika makanisa yetu. Iliyofuata haihubiriwi. Miaka sita haijatimia, tarehe 24 Januari 1892, Waprotestanti na Wakatoliki wa nchi ileile walipigana kwa bunduki huko Mengo, na bunduki nyingine walizipewa Waprotestanti na Lugard, mtu wa kampuni ya Kiingereza. Waliokuwa wameona moto wa Namugongo kwa macho yao walikuwa wangali hai.

Wala sisi wenyewe hatukuachwa. Wamisionari wa Leipzig waliohubiri Injili Iramba kabla ya vita vya 1914 waliondolewa na Waingereza, kwa sababu walikuwa Wadachi. Serikali haikuuliza kama Katekisimo yao ni njema. Iliuliza wamezaliwa wapi. Watoto wa imani waliobaki walishika Neno kama walivyoweza, mpaka ndugu wa Augustana walipokuja kutoka Marekani mwaka 1926. Upanga ulipopita shambani mwetu haukusoma maandishi ya mlangoni.

Lakini yule mzee wa barua si mtu wa kunyamazishwa kwa historia, nami nampenda kwa hilo. Alinijibu, Je, tuwaache wote? Watu-simba nao waachwe? Jina hilo hapa Singida halihitaji maelezo. Katika mwaka 1946 na 1947 watu wengi wa Unyaturu waliuawa, miili yao imeraruliwa kana kwamba na simba, na serikali ya Waingereza iliwashika watu, ikawahukumu, wengine wakanyongwa. Wazee wangali na hofu ya kulisimulia jambo hilo usiku.

Nilimjibu hivi. Warumi 13 husema kwamba mwenye mamlaka hauchukui upanga bure, nami nakiri hivyo kwa moyo wote. Aliyeua na ashitakiwe kwa kuua, kwa jina lake, na mashahidi wasimame mbele ya hakimu. Mtu huyu wa mbuyu akimkataza mama asimpeleke mtoto mgonjwa hospitali ya Kiomboi, na mtoto akawa katika hatari, mimi mwenyewe nitakwenda kushitaki, na jina langu litaandikwa juu ya karatasi kwa herufi kubwa. Akimtaja kikongwe kuwa mchawi, nitakwenda siku hiyohiyo, maana twajua sote jinsi vikongwe walivyouawa katika mkoa huu na mikoa jirani kwa ajili ya macho mekundu yaliyotiwa moshi na kuni za jikoni. Lakini katika barua yetu hapakuwa na mtoto aliyekufa wala kikongwe aliyetajwa. Palikuwa na ndoto, na nyimbo, na maji, na watu waliohama. Hakimu atazipimaje ndoto? Akijifunza leo kupima ndoto za mtu wa mbuyu, kesho atapima mahubiri yangu, kwa kipimo kilekile, yaani kama yanafaa kwa utulivu wa wilaya.

Mzee akanyamaza. Kisha akauliza neno ambalo ndilo lililokuwa linamwuma tangu mwanzo. Mbona dada yangu huenda kule, na alibatizwa tangu utoto?

Sikuweza kumjibu, ila nilikwenda kumwuliza dada mwenyewe. Alisema alipougua kifua mwaka jana, mtu yule alikuja kwake usiku mara nne, akakaa sakafuni, akamwombea kwa Kinyaturu mpaka akapata usingizi. Mimi nilikwenda mara moja, mchana, nikasoma sala katika kitabu, nikaondoka kwa sababu pikipiki ilikuwa yangojea. Hakuyasema hayo kwa kunilaumu. Alikuwa akichagua mchele, na aliposema habari za pikipiki alicheka.

Ndugu waalimu, ninyi mkaao vijijini kuliko mimi, mwajua ni nyumba ngapi zenye wagonjwa ambazo hatujaziingia tangu Pasaka. Mtume alikutana na kijakazi siku nyingi katika njia ileile. Alimjua kwa sauti. Mimi mtu wa mbuyu sijapata kumsikia akihubiri hata mara moja, na yote niliyoyajua juu yake niliyasoma katika barua isiyo na jina.

Barua hiyo ingali katika Biblia yangu, imekunjwa penye Matendo 16. Alhamisi ijayo wazee wale wawili na mimi tutakwenda mbuyuni. Tutakaa chini pamoja na watu na kusikiliza mpaka mwisho. Kisha tutamwomba nafasi, tumwulize habari za maji yale na za ndoto zile, tumwonyeshe katika Neno mahali anapokosea, nasi tuwe tayari kuonyeshwa. Mzee aliuliza, Na akikataa kutusikia? Nikamwambia, Tutarudi Alhamisi ya pili. Akatikisa kichwa, akakaa kimya kitambo. Halafu akauliza tutaondoka saa ngapi, maana baiskeli yake ina pancha.